Mshale wa Kurudi

Kutaisi, mwezi wa pili, theluji imekwisha kuwa tope
na darasa letu la jioni liko juu ya duka la viatu.
Tu sita. Mabuti yanachuruzika kando ya hita.
Mwalimu Tsiala kaingia na boksi la chaki:
"Kompyuta zifungwe."
Nimelipa lari mia tatu nifunzwe kuandika programu;
nikaguna kimoyomoyo,
chaki nilizila bure tangu darasa la kwanza.

Akachora mtu: duara, mstari,
mikono kama kamba ya kuanikia, miguu miwili.
"Huyu ni mteja. Hana uso, makusudi.
Mkimpa uso mtaanza kumpenda
kabla hamjajua anataka nini."

Alitaka mikate.
Duka ni la Nanuli, nyuma ya soko,
simu yake hailali, daftari lake limelowa mafuta,
na wiki jana mikate arobaini ya harusi
ilitoka tanurini bibi harusi keshafika kwa mumewe.
Tumsaidie Nanuli, alisema Tsiala,
lakini kwanza tumwelewe.

Kisanduku: Oda. Kisanduku: Tanuri. Kisanduku: Malipo.
Kumbukumbu akazichora kama pipa
na hakuna aliyeuliza kwa nini pipa.

Nami, mwenye pupa, nikanyakua chaki
nikaunganisha kila kitu na kila kitu,
mishale ishirini na mitatu, niliihesabu kwa fahari,
mpaka ubao ukawa uzi uliochezewa na paka.
Tsiala akainamisha kichwa kushoto, kisha kulia.
"Malkhaz, hii ni ramani au ni nywele?"
Walicheka hadi mwenye viatu akagonga dari yake.

"Soma ndani ya Oda," akaniambia. "Ina nini?"
Jina. Idadi. Aina ya mkate. Bei.
"Na siku?"
Siku haikuwamo.
Visanduku vyote vile, mishale yote ile,
na hakuna aliyeuliza mkate unatakiwa lini.
Ndipo nikaiona ile harusi, mezani hakuna kitu.
Nikaandika *tarehe*, herufi sita, vumbi likanikaa kwenye nyusi.
"Kosa la chaki," akasema, "hufutwa kwa kiganja.
Likishaingia kwenye msimbo, utalifuta kwa usingizi wako."

Eteri wa ishara za reli
hakuwa amesema neno tangu tuanze Januari.
Akanyoosha kidole, hakusimama hata.
"Huo wa mteja kwenda kwenye oda. Wa kurudi uko wapi?"
Tukatazama. Hakukuwa na wa kurudi.
"Sisi tukiachia treni, kituo cha mbele hujibu: imefika.
Kisipojibu, siondoki kitini.
Huyu mtu wenu asiye na uso ameagiza mkate,
sasa amesimama na simu mkononi. Asimame mpaka lini?"

Tsiala hakujibu. Alimpa chaki.
Eteri akachora mshale mmoja, wa vidotidoti,
polepole, kama anayeshona kifungo.

Saa tatu usiku navuka daraja la Rioni,
simu mfukoni ina jumbe kumi na moja za sauti ya mama.
Yuko Bari, anamtunza kikongwe wa watu,
na akishamlaza hunisimulia siku yake:
bei ya nyanya, ngazi za jengo, goti.
Nami husikiliza. Zote, naapa.
Kisha naweka simu kwenye chaji.

Nikamchora kichwani: duara, mstari, mikono.
Tuliambiwa tusimpe uso.
Uso ukaja wenyewe.

Nikavua glavu kwa meno, nikaandika: Imefika.
Nikafuta.
Nikaanza upya, ndefu zaidi,
habari za Nanuli, za paka na uzi,
na za pipa, mama, sijui kwa nini pipa,
kesho nitauliza.